Mpima Karafuu Achagua Variometa

Rubeya amevipanga vitatu juu ya kaunta
dukani kwake Chake, kati ya redio zilizopasuliwa matumbo
na simu zisizo na wenyewe.
Nimekuja na fedha za msimu ndani ya mfuko wa sukari,
na tope la Chambani bado limo kwenye mishono ya viatu.

Tope lile ndilo lililonileta.
Mwezi uliopita niliruka kilimani bila kifaa,
upepo ukinipiga kifuani, kamba zimekaza,
nikajiambia: unapanda, Faki, unapanda.
Kumbe nilikuwa nashuka, polepole, kwa adabu,
kama deni linavyokua.
Mikoko ikanipokea. Kaa wakanitazama
kama watu waliokwisha kuambiwa.

Mwili hujua kuanza. Mwili hujua kusita.
Lakini ukishashika mwendo mmoja, wa juu au wa chini,
mwili husinzia,
na hapo ndipo pa kukodi sikio.

Cha kwanza kina kioo kipana kama kitabu cha stakabadhi.
Kina ramani, kina setilaiti, kinajua jina la kijiji
ambacho mamangu alikuwa akikiita vingine.
Bei yake magunia matatu ya karafuu kavu, daraja la kwanza.
Cha pili kina kioo kidogo na vifungo vinne,
kifaa cha mtu asiyetaka kuamua.
Cha tatu hakina uso.
Kijidude cha ukubwa wa kiberiti, chakula chake jua,
kinagandishwa kwenye kofia, kinalia, basi.

Rubeya anakisifu cha kwanza. Ana haki, ndiye muuzaji.
Lakini mie miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya mizani,
kituo cha Mtambile, na mizani haiulizwi bei kwanza.
Unaitazama ikiwa tupu. Unaiwekea kilo unayoijua.
Kisha unaipa mkono wa ghafla, uone itakavyotapatapa.

Basi nikavinyanyua, kimoja kimoja, kutoka sakafuni hadi rafuni.
Kile kikubwa kikafikiri. Kikafikiri. Kikasema: ti.
Angani, kufikiri huko ni nusu ya duara;
joto limeshakupita, limekwenda kwa mwewe.
Cha kiberiti kililia mkono haujafika gotini,
ti-ti-ti, kama kifaranga aliyeona kivuli.
Rubeya akawasha pangaboi, nacho kikalia tena,
kimekaa palepale, hakijaenda popote.
Tukacheka.
Kiwewe chake nilikipenda, na nilikiogopa.

Nikampigia simu Time, mke wangu.
"Ukipanda, kinaimba."
"Na ukishuka je?"
"Kinaguna. Waweza kukinyamazisha. Wengi hunyamazisha, wanaudhika."
Akakaa kimya; nilisikia karafuu zikigeuzwa jamvini,
shaa, shaa.
"Kupanda utajiona mwenyewe," akasema.
"Miye ninunulie kinachoguna."

Alhamisi, saa saba mchana, juu ya Kengeja.
Majamvi yamefika mpaka ukingo wa lami,
karafuu nusu kavu, wekundu unaoelekea weusi,
na joto linalotoka humo lina harufu.
Ilinifika puani kwanza, kali, ya jino bovu na ya harusi,
ndipo kiberiti kikaanza kofiani:
ti.
Ti-ti.
Titititi.
Nikaegemea kulia, nikalizunguka.
Mabati yakawa vipande vya kioo, mbuzi wakawa mchele.
Chini, mwenye kanga ya manjano aliacha kugeuza,
kiganja juu ya nyusi.

Nikatoka nje ya duara bila kujua.
Kikaguna. Sauti nzito, ya ndani,
niliyoiacha vilevile, sikuipunguza.

"Nasikia," nikajibu kwa sauti,
huko juu, peke yangu,
na nikageuka kurudi kwenye harufu.